Pampu Ipimwe Kwanza, Ndipo Ifunguliwe

Kitunguu hakina subira. Mizizi yake iko juu juu ardhini, na jaruba likikaukiwa wakati kitunguu kinajaza, hasara hairudi hata maji yakija baadaye. Ndiyo maana mkulima wa Mang'ola ambaye mashine yake ya maji imelegea katikati ya msimu hufika kwa fundi akiwa tayari kukubali lolote. Anaambiwa, "Mzee, hizi ringi zimekwisha," naye anajibu, "Fungua." Mashine inafunguliwa pale pale chini ya mti, ringi mpya zinavalishwa kwenye pistoni ya zamani, zinaingizwa ndani ya silinda ambayo hakuna aliyeipima, na kabla vitunguu havijavunwa moshi wa bluu umesharudi.

Namwandikia mkulima huyo, pamoja na kijana anayejifunza ufundi Karatu mjini au Barazani, huko Mang'ola. Mashine ipimwe kabla ya kufunguliwa, na ikishafunguliwa ipimwe tena kabla ya kununua spea hata moja. Vipimo vingi havidai zana za gharama. Vinadai utulivu, na utulivu ni mgumu kupatikana zamu ya maji inapokupita.

Nitazungumzia injini ambayo imezagaa kuliko nyingine mashambani: ile ya petroli yenye silinda moja ya sentimita za ujazo 163, ya muundo wa Honda GX160, pamoja na zile nyingi za Kichina zilizoigwa kwayo, zikiendesha pampu ya inchi 2 au 3. Namba nitakazotaja ni zake. Mwenye injini ya aina nyingine atafute za kwake, lakini njia ya kupima ni ileile. Hata mvuvi mwenye injini ya boti atafaidika, ila akumbuke kwamba injini yake hupozwa kwa maji ya ziwa, na kama ni ya mipigo miwili, oili yake huchanganywa na petroli. Injini ya pampu hii haichanganyiwi kamwe. Oili yake hukaa tumboni.

Tuanze na jambo ambalo halimo ndani ya injini kabisa: mwinuko. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, Karatu mjini ni kama mita 1,500, na bonde la Eyasi, iliko Mang'ola, ni mita elfu moja na kidogo. Hewa hupungua kadiri unavyopanda, na injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300. Kwa hiyo pampu mpya kabisa, ikiwa Mang'ola, inatoa nguvu pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko pampu hiyohiyo ikiwa Tanga. Huo si ugonjwa. Kabureta nayo, kwa hewa hiyo nyepesi, hutia petroli nyingi kupita kiasi, na plagi inaweza kuwa na masizi ingawa ringi ni nzima.

Uchache huo wa hewa unagusa hata uvutaji wa maji. Pampu haivuti maji kwa nguvu zake. Huondoa hewa ndani ya mpira, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Pwani uzito huo ungeweza kuyapandisha kinadharia mita 10 na kidogo. Eyasi ni kama mita 9. Ukitoa msuguano ndani ya mpira, uchakavu wa impela na uvujaji mdogo wa hapa na pale, mimi simshauri mtu aiweke pampu zaidi ya mita 5 juu ya maji. Isogeze karibu na maji, kisha usukume mbali: mpira wa kunyonyea uwe mfupi, wa kutolea uwe mrefu upendavyo.

Hapa nasimama niseme jambo zito. Chemchemi zinapopungua na maji kushuka, watu huchimba shimo na kuiteremsha pampu ndani yake ili iyafikie maji. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na ndani ya shimo haina pa kutokea. Anayeshuka kuizima mashine hulegea miguu kabla hajajua kinachomtokea, na anayeshuka kumwokoa humfuata. Injini ya petroli isiwashwe shimoni, hata kwa dakika 5, hata kama shimo ni pana. Kama maji yamekwenda chini kiasi hicho, tumia pampu ya umeme au ya sola inayozamishwa, au acha.

Sasa turudi kwenye mashine iliyolegea. Swali la kwanza ni kama injini ndiyo inayoumwa au ni upande wa maji. Jaza maji kwenye tumbo la pampu, washa, sikiliza. Kama injini inazunguka vizuri, resi yake imetulia, lakini maji yanatoka kidogo au yanakuja kwa kukatika, usiguse ringi. Mara nyingi hewa inaingia kwenye mpira wa kunyonyea: klampu imelegea, gasketi ya kwenye kiungio haipo, au mpira umepasuka mahali ulipokunjwa. Ufa huo hauvujishi tone wakati wa kazi kwa sababu pale hewa inaingia, maji hayatoki. Ung'oe mpira, ziba upande mmoja, ujaze maji, ning'iniza upande mwingine juu, kisha tazama panapotona. Kagua chujio la chini kama limezibwa na matope au majani. Kama mpira ni mzima, fungua kifuniko cha pampu utazame impela. Maji ya mfereji yenye mchanga huila taratibu, na nafasi kati yake na ukuta ikishapanuka, maji hubaki yakizunguka humohumo.

Uvujaji wa maji katika nafasi iliyo kati ya pampu na injini ni sili ya shafti. Huungua haraka mno pampu ikiendeshwa bila maji, na ikiachwa inavuja, maji hupenya hadi kwenye oili. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa ya chai inakuambia hivyo. Ukiiona, usiwashe tena hata mara moja.

Kama lawama inaangukia injini, anza na plagi. Rangi ya kahawia iliyopauka ni afya. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi au kisafisha hewa kilichoziba. Weusi wenye unyevu wa oili ni oili inayopanda kutoka chini au inayoshuka kupitia valvu. Tazama pia moshi: wa bluu unaotoka wakati wa kuwasha kisha ukaisha huelekea kwenye valvu na sehemu zinazozishika, na wa bluu unaodumu mashine ikiwa na mzigo huelekea kwenye ringi. Lakini kabla ya kuhukumu, pima oili kwanza. Iliyojazwa kupita kiasi nayo hutoa moshi wa bluu.

Mashine inayokataa kuwaka kabisa wakati moto wa plagi haupo inaweza kuwa imeinama tu. Nyingi zina kifaa kinachokata moto oili ikipungua, na ukiiweka kwenye kingo ya mfereji yenye mteremko, kifaa hicho huona oili haipo. Iweke mahali tambarare ujaribu tena. Kuinama huko kuna madhara makubwa zaidi, nitayarudia.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote kinapatikana Karatu mjini kwa urahisi, kwa kuwa mji huu unaishi kwa magari ya watalii na mafundi wa matairi wako kila upande wa barabara. Chukua plagi kuukuu, vunja ule udongo mweupe uliomo ndani, kisha pachika kwenye ganda lake valvu ya tairi. Ifunge mahali pa plagi. Zungusha injini mpaka pistoni ifike juu katika mpigo wa kugandamiza, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa. Mwenzako ashike flaiwili barabara, kisha ujaze upepo, kidogo kidogo, na kutega sikio. Upepo ukilia kwenye kabureta, valvu ya kuingizia haifungi. Ukilia kwenye ekzosi, ni ya kutolea. Ukitokea kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi na silinda. Ukipuliza pembeni ya silinda hedi, ni gasketi. Paka maji ya sabuni utaona mapovu. Ndani ya dakika chache mashine imejieleza yenyewe, na hakuna bolti iliyofunguliwa. Nakipendelea kuliko geji ya kompresheni, kwa sababu kamshafti ya injini hizi ina kijisehemu kinachoachia kompresheni kidogo unapovuta kamba ili mkono usiumie, na geji huonyesha namba ndogo hata kwa injini nzima. Fundi asiyejua hilo huifungua injini isiyo na kosa.

Kabla hujafungua, toa kisafisha hewa na upitishe kidole ndani ya mdomo wa kabureta, upande wa ndani wa kisafishaji. Kidole kikitoka na vumbi, umeshamjua muuaji. Ardhi ya Karatu imetokana na majivu na mawe ya volkano, na vumbi lake jekundu ni laini kama unga lakini lina chembe ngumu zinazosaga chuma. Likichanganyika na oili linakuwa msasa wa majimaji. Sponji iliyochanika, au iliyotolewa kabisa "ili injini ipumue", huimaliza silinda ndani ya msimu mmoja. Mahali pa vumbi, sponji husafishwa kila baada ya saa 10 za kazi, na kwa pampu inayoshinda shambani hiyo ni kila siku. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikauke, ichovye kwenye oili safi, kisha ikamue mpaka isidondoke. Usiioshe kwa petroli. Kama ringi mpya zitaingia na sponji ikabaki ileile mbovu, heri fedha hiyo ungenunulia mbolea.

Upepo ukiwa umetokea kwenye mdomo wa oili, sasa fungua, lakini si shambani. Tafuta chumba, sakafu iliyofagiwa na kunyunyiziwa maji, meza yenye gazeti safi. Mwaga oili kwenye beseni jeupe. Vimeta vyeupe visivyoshikwa na sumaku ni aluminiamu, kutoka kwenye pistoni au konrodi. Vinavyoshikwa ni chuma.

Silinda mpya ya injini hii ina kipenyo cha milimita 68.00, na ikifika 68.165 imekwisha. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko nywele chache zilizopangwa pamoja, na jicho haliwezi kuiona. Fundi anayepitisha kidole ndani na kusema "bado nzuri" anabahatisha. Kama huna maikromita, zipo fila geji, vile visu vyembamba vya kupimia nafasi ya tapeti, na ringi mpya moja. Ingiza ringi hiyo ndani ya silinda peke yake, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, hadi chini kabisa ambako ringi huwa hazifiki zinapofanya kazi. Pima mwanya kati ya ncha zake. Kisha ipandishe hadi sehemu ya juu ambako ringi ya kwanza hugeuzia safari, ambako ndiko silinda huliwa zaidi, upime tena. Toa namba ndogo kwenye kubwa, gawanya kwa 3.14. Jibu ni kiasi ambacho silinda imepanuka. Mfano: chini 0.30, juu 0.80, tofauti ni 0.50, ukigawanya unapata karibu 0.16. Silinda hiyo iko mlangoni pa kikomo, na ringi mpya hazitaisaidia. Ingekuwa tofauti ya 0.15, upanuzi ungekuwa chini ya 0.05, na hapo ringi mpya zina haki ya kuwekwa. Nawasihi vijana wajifunze kipimo hiki kabla ya kingine chochote. Kinamlinda mteja, na kinakulinda wewe dhidi ya mteja anayerudi amekasirika.

Silinda iliyopita kikomo hupelekwa Arusha kuchongwa, iwekewe pistoni ya ova saizi, ambazo kwa kawaida huanzia 0.25. Uliza kwanza kama pistoni na ringi za saizi hiyo zipo dukani, ndipo uchonge. Silinda ikishachongwa bila pistoni yake, umebaki na chuma chakavu. Na kama silinda, konrodi na krenkishafti vyote vimeliwa, piga hesabu ya kununua injini nzima ya kuigwa. Mimi husita kumshauri mtu afufue injini iliyoliwa sehemu zote tatu, hata kama kazi hiyo ingeniletea riziki.

Konrodi inastahili jicho la pekee. Ni ya aluminiamu, haina beringi za kubadilisha. Yenyewe huzunguka moja kwa moja juu ya krenkishafti. Chini yake kuna kijiko kidogo kinachochota oili na kuirusha juu, na hiyo ndiyo njia pekee ya kulainisha injini nzima. Pampu inaposhinda imeinama kwenye kingo ya mfereji, kijiko hakifiki kwenye oili. Konrodi inashika moto, inang'ang'ania, inakatika, na mara nyingine inatoboa ubavu wa injini. Chimba mahali pa kuikalisha pampu, weka mbao au mawe mawili bapa. Ni kazi ya robo saa.

Katika kusafisha, namwonya kila mtu wa ukanda wa Eyasi kuhusu magadi. Yako tele, yanaondoa mafuta, na huonekana ni sabuni ya bure. Lakini magadi, na kostiki soda kwa ukali zaidi, hula aluminiamu, na injini hizi ni aluminiamu karibu zote: bloku, silinda hedi, pistoni. Tumia mafuta ya taa na brashi, na kwa kaboni iliyoganda tumia kijiti cha mti mgumu. Silinda iliyochongwa au kupigwa msasa isifutwe kwa petroli tu, maana petroli huondoa mafuta na kuuacha mchanga wa msasa kwenye vijistari. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, sugua, futa kwa kitambaa cheupe, na urudie mpaka kitambaa kitoke cheupe. Papo hapo paka oili, kwani chuma kilicho uchi hushika kutu upesi.

Valvu zisagwe kwa dawa yake hadi mduara wa kijivu ukamilike pande zote, dawa ioshwe yote, kisha mimina mafuta ya taa kwenye tundu la kila valvu ikiwa imefungwa. Yakivuja, endelea kusaga.

Katika kurudisha, alama za nukta kwenye gia za kamshafti na krenkishafti zitazamane. Zikikosana jino moja injini haitakuwa na nguvu hata kila kitu kiwe kipya. Alama ya ringi itazame juu, na mianya ya ringi isipangwe mstari mmoja, bali igawanywe kuzunguka pistoni. Bolti za konrodi hukazwa kwa nguvu ya nyutoni mita 12, za silinda hedi 24, kwa kupishanisha. Watu huniambia hawana spana ya kupimia. Lakini Mang'ola ina mizani kila kona, kwa sababu ya vita ya miaka mingi dhidi ya lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo. Azima mizani ndogo ya ndoano, ifunge kwenye spana mahali penye sentimita 30 kutoka katikati ya bolti, uvute kwa pembe mraba. Kilo 8 ni bolti ya silinda hedi. Kilo 4 ni ya konrodi. Mkono wa kijana mwenye nguvu hukata bolti ya konrodi bila yeye kujua, nayo humalizikia ndani mashine ikiwa na resi kubwa.

Tapeti hupimwa injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu: milimita 0.15 kwa valvu ya kuingizia, 0.20 kwa ya kutolea. Mwanya wa plagi uwe 0.7 hadi 0.8. Kwa kuwa pampu imeshafunguliwa, badilisha sili ya shafti hapo hapo, na usishike uso wake unaong'aa kwa vidole vyenye uchafu. Impela imefungwa kwa nyuzi juu ya shafti na hufunguka kwa kuzungushwa kushoto.

Jaza oili ya 10W-30, karibu lita 0.6, ukipima kwenye mdomo mashine ikiwa sawa. Jaza maji kwenye pampu kabla ya kuvuta kamba. Siku ya kwanza isipewe resi ya mwisho: iendeshe kwa nusu, ipandishe, ishushe, ipumzike. Na ule mtindo wa kufunga waya au mpira kwenye gavana ili maji yaongezeke, uachwe kabisa. Resi ikipanda kwa asilimia 10, pampu hudai nguvu zaidi kwa karibu thuluthi moja, na konrodi ndiyo inayolipa.

Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20, kwa kuwa imebeba vumbi la vyuma vinavyozoeana. Baada ya hapo kila saa 100. Andika saa hizo kwa kalamu ya rangi ubavuni mwa tangi, ili hata kijana wa zamu ya usiku azione. Oili chafu iwekwe kwenye dumu, wajenzi wanaihitaji kupaka nguzo dhidi ya mchwa. Isimwagwe mferejini: maji ya chemchemi ya Qangdend yametoka kwenye mvua za mlima Oldeani na nyanda za juu za Ngorongoro, yamepita chini ya ardhi hadi huku, na chini ya shamba lako kuna jirani anayeyachota kwa ndoo.